Tupeane uzoefu: tairi za bei ya kati kwa gari kuukuu hapa Mombasa

Mwenye Premio

Salaam aleikum wadau, hamjambo wote. Nina Premio ya 2003, injini ya 1500, ambayo majirani zangu wa Mikindani hunishauri niiuze kila wanaponiona naiosha. Siuzi, haijaniangusha. Tairi zake ndizo zimefika mwisho: za mbele ni vipara upande wa ndani, za nyuma zina meno lakini ubavuni zimeanza nyufa. Saizi ni 185/70R14. Leo nimezunguka maduka kuanzia Mwembe Tayari hadi Shimanzi, nikatajiwa kuanzia 4,800 mpaka 14,000 kwa moja. Ya 4,800 jina lake sijapata kulisikia. Ya 14,000 mke wangu akisikia nitalala na hilo gari. Natafuta hapo katikati, 7,000 hadi 8,500. Safari zangu ni mjini na kurudi kila siku, na mara moja kwa mwezi Voi kwa wakwe.

Matangazo ya duka sitaki. Anayesema aseme alinunua nini, alitoa ngapi na yaliyomkuta.

Teksi Kongowea

Kwangu mimi tairi ni hesabu kama mafuta, naandika kwenye daftari. Seti ya kwanza nilichukua za 4,800, zikaisha kwenye kilomita 25,000. Ya pili nikaweka za Kikorea, 7,200 moja, zikafika 52,000. Gawanya mwenyewe: kwa tairi moja, zile rahisi zilinila senti 19 kila kilomita, hizi senti 14. Na hapo sijatia pesa ya kufunga na balansi mara mbili, wala siku nilizokaa kwa fundi bila abiria. Mwenzangu akaniona mshamba, akaweka za jina kubwa za 13,000. Zikatembea 60,000. Yeye ni senti 21 na ushee.

Ubavuni kuna neno TREADWEAR na namba. Namba ikiwa kubwa, tairi imekusudiwa kudumu zaidi, ila usiiamini kama msahafu maana kiwanda hujipa chenyewe. Mimi natazama zaidi TRACTION iliyo karibu yake: AA, A, B au C. Hiyo ni kushika breki barabara ikiwa na maji. Chini ya A sinunui. Tairi inayodumu miaka mitano halafu mvua ya mwaka ikishika inateleza kama ganda la ndizi, faida yake nini?

Mama wa Bamburi

Mimi Nissan yangu ndogo hutoka Jumamosi kwenda sokoni na Jumapili kanisani, siku nyingine zote iko juani. Nilipata tairi mbili za jina kubwa kwa nusu bei. Muuzaji akaapa ni mpya, na kweli zilikuwa na vinyweleo vyake vyote. Nikajiona mjanja.

Mwaka uliofuata, 2021, tunatoka mazishini Kaloleni, kufika Mazeras nikasikia mlio, nikadhani lori la mbele limepasukiwa. Kumbe ni mimi. Ngozi ya tairi imebanduka, inapiga bodi pa pa pa kama mtu anatwanga. Mungu ni mwema nilikuwa mwendo wa polepole nyuma ya lori hilo hilo. Kijana wa pancha akaipindua, akanionyesha ubavuni namba nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: 1412. "Mama, hii ni wiki ya 14, mwaka 2012." Ilikaa ghalani miaka minane ikinisubiri mimi! Meno yote yalikuwapo, mpira ndio ulikuwa umezeeka. Siku hizi sitoi pesa kabla sijapiga magoti nikasoma, na watu dukani wanione wanavyotaka.

Mwenye Premio

Pole sana mama. Nimetoka kuziangalia zangu, namba siioni.

Fundi Pancha

Hiyo tarehe huwa ubavu mmoja tu, kaka. Ikifungwa upande huo ukatazama ndani, mpaka ulale chini ya gari. Ndiyo maana husomwa dukani kabla haijapanda kwenye rimu.

Kijana wa Tudor

Basi nami niseme yangu, mcheke. Nilinunua Vitz kwenye yadi moja hapa mjini. Mwenye yadi akaipiga teke tairi: "Hizi hugusi miaka mitatu!" Meno marefu, mapana, yamejaa vimistari vidogo vidogo vya kukatwakatwa. Nikaona nimepata dili. Ilikuwa Disemba, kaskazi inawaka. Kufika Aprili meno yameisha kama raba ya mtoto wa shule, na kwenye kona gari ilikuwa inayumba kama ngalawa. Ndipo nikasoma ubavuni: STUDLESS. Tairi za theluji! Mpira wake umefanywa laini ili usiwe mgumu kwenye baridi ya Japani. Sasa ulete lami ya Tudor saa nane mchana.

Magari ya mtumba yanaposhuka bandarini, mengine huja na tairi hizo hizo. Mkiona neno hilo, au alama ya mlima wenye kipande cha theluji, mhesabu bei ya tairi nne juu ya bei ya gari.

Mzee wa Mji wa Kale

Wanangu, nimeendesha Peugeot 504 tangu wakati mipira yetu inatengenezwa Nairobi, Firestone, kisha ikaja Yana, mpaka kiwanda kikafungwa 2016. Mpira mnaulaumu bure. Ulizeni upepo.

Naona vijana wakitaka kwenda Nairobi wanapunguza upepo, ati njia ya Taru ina moto, mpira utapasuka. Ni kinyume! Mpira wenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila unapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakouchemsha. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo pana kibandiko, kimeandikwa upepo wa mbele na wa nyuma. Pima asubuhi gari haijatembea. Ukipima umeshafika Mariakani utakuta umepanda, wala usiutoe, ndivyo ulivyo ukipata joto. Na ukipakia wakwe na magunia yao, ongeza kama kibandiko kinavyosema cha mzigo. Gari kuukuu yataka adabu, haitaki majina.

Mwenye Premio

Shikamoo mzee. Kibandiko nakijua, ila kimefutika nusu.

Mzee wa Mji wa Kale

Marahaba. Basi tafuta Premio ya mwenzio, usome yake.

Likoni Kwetu

Mimi natofautiana nanyi. Miaka sita natumia tairi za mtumba kutoka Japani, 3,000 au 3,500, na kila siku napanda feri. Sijapata ajali. Bora mtumba wa kampuni nzuri kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Fundi Pancha

Mimi nala kwa shida zenu, kwa hivyo wacha niseme kweli. Mtumba mzuri upo, sikatai. Lakini wewe unanunua uso. Mimi naona ndani. Nimefungua tairi inang'aa kwa dawa ya kupaka, ndani ina viraka vitatu na nyuzi zimejikunja pale ilipotembezwa bila upepo. Nyingine meno yake yamechongwa upya kwa kisu cha moto! Tairi ya gari ndogo haichongwi, ukichonga unakaribia waya. Ukitaka mtumba, mwambie muuzaji aigeuze uone ndani kabla haijafungwa. Akikasirika, nenda zako. Na pancha ya ubavuni sizibi, hata unipe elfu. Hiyo kazi yake imebaki kuwa akala.

Mwenye Premio, umeandika za mbele ni vipara upande wa ndani, watu wakarukia bei. Kipara cha upande mmoja si tairi, ni bushi au boljointi za chini ya gari zimechoka, au alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka. Ukifunga mpya juu ya bushi zilizokufa, za 7,200 na za 14,000 zitaliwa sawasawa. Anzia chini.

Na saizi isitoshe peke yake. Baada ya 185/70R14 pana namba na herufi, kama 88S. Hiyo 88 ni mzigo wa kilo 560 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500. Nimeona watu wanauziwa ya chini kwa sababu tu inaingia kwenye rimu.

Mwalimu Changamwe

Nina swali ambalo ni kisa pia. Mshahara wangu ulitosha tairi mbili tu. Gari inavutwa na mbele, usukani uko mbele, nikaweka mpya mbele, zilizochakaa nikazihamishia nyuma. Mei, mvua, nashuka kuelekea daraja la Mtwapa, nikagusa breki kidogo. Mbele ikashika vizuri. Nyuma ikataka kunipita! Nikajikuta natazama nilikotoka. Nilikosea wapi?

Teksi Kongowea

Mpya zinakwenda nyuma, mwalimu, hata gari ikivutwa na mbele. Mbele ikiteleza unaisikia mkononi, unaachia mafuta, inarudi. Nyuma ikiteleza huna la kufanya ila kusoma shahada. Nami niliambiwa nikabisha mwaka mzima.

Likoni Kwetu

Hilo la nyuma siliafiki. Lakini la kutazama ndani, haya, nimelisikia.

Mwenye Premio

Wadau, narudi baada ya wiki tatu. Nilianzia chini kama fundi alivyosema. Bushi mbili za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, nikabadilisha, 5,400 na ufundi, kisha alaimenti. Ndipo nikaenda dukani. Nililinganisha za Korea na za India za daraja hilo hilo, zote 88, traction A. Duka la kwanza wakaleta seti nzuri, nikapiga magoti kama Mama wa Bamburi: mbili za mwaka jana, mbili zina miaka mitano. Muuzaji akasema tairi haiozi. Nikamshukuru nikatoka. Duka la pili nikapata nne zote za wiki moja, mwaka huu, 7,600 kila moja, kufunga na balansi ndani yake. Za India. Nimeenda Voi nikarudi, usukani umenyooka, na kelele iliyokuwa ikinisumbua miaka miwili imeisha, kumbe nilikuwa nikilaumu beringi.

Mama wa Bamburi

Hongera baba. Na spea je?

Mwenye Premio

Spea gani?

Mwenye Premio

Nimeshuka na tochi. 0309. Wiki ya tatu, 2009, na nimeigonga inalia kama dafu. Hii ilivuka bahari pamoja na gari. Fundi, kesho unafungua saa ngapi?