Mjadala: Mwenye mbwa wadogo nyumbani auziwe mtoto wa pit bull?

Mtoa hoja

Watoto wa pit bull, mbwa wa misuli na taya lenye nguvu, wananunuliwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha, na baadhi ya wanunuzi tayari wana mbwa wadogo ndani ya uzio: Maltese wa kilo 3, Japanese Spitz wa kilo 8, Jack Russell, au chotara wa hao. Wapo wanaosema akiletwa angali mchanga atakua akiwajua kama ndugu zake, na yataishia hapo. Wapo wanaosema muuzaji mwenye dhamiri amkatalie mteja wa namna hiyo, na serikali iweke sheria. Auziwe au asiuziwe? Tuleteeni vipimo, si vitisho.

Mfugaji, Kiambu

Auziwe, ila si kila mtu na si kila mtoto.

Tuanze na damu, maana ndiyo hutajwa kwanza. Ni kweli mbwa hawa chimbuko lao ni Uingereza, kwa mbwa waliochezeshwa kuuma mafahali. Mchezo huo ulipopigwa marufuku mwaka 1835, watu wakahamia kupiganisha mbwa kwa mbwa. Hilo halifichiki. Lakini utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutazama jina la aina, tazama wazazi wawili waliokuzalia huyo mtoto. Mama anayewarukia mbwa wa jirani kupitia geti, watoto wake wasipelekwe kwenye nyumba yenye Maltese.

Halafu umri. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki 8. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndipo anapojifunza kupima meno: akimbana ndugu yake kwa nguvu, ndugu hupiga kelele na mchezo unakatika. Anayeuzwa wiki ya 5 anakuja na taya lisilojua kiasi, na kiasi hicho atakwenda kujifunzia kwenye sikio la mbwa wako mdogo. Jinsia nayo: kama nyumbani kuna jike, chukua dume. Majike wawili wa nyumba moja wakigombana, ugomvi wao huwa mzito na mgumu kusuluhisha kuliko wa dume na jike.

Daktari wa mifugo, Nairobi

Ndugu mfugaji, hiyo asilimia 9 inahusu kubashiri tabia ya mbwa mmoja mmoja. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa jeraha siku tabia ikiharibika. Na uchunguzi mwingine wa mwaka 2008, uliowahoji wenye mbwa, ulikuta zaidi ya asilimia 20 ya pit bull wameripotiwa kuwa na ukali mkubwa kwa mbwa wasiowafahamu. Kwa haki niseme pia kwamba katika kundi hilohilo kulikuwa na Akita na Jack Russell. Kinachomtenga pit bull na Jack Russell ni mizani.

Dume la pit bull likikomaa lina kilo 16 hadi 27. Maltese ana 3 hadi 4. Mtoto wa wiki 8 anaingia akiwa karibu sawa na Maltese kwa uzito, na ndiyo maana wiki za mwanzo zinampumbaza mwenye nyumba: anawaona wanalala kwenye godoro moja, anatuliza roho. Akifika miezi 4 keshampita mwenzake mara mbili au zaidi, naye bado ni mtoto, bado anacheza kwa kuparamia na kugonga kwa kifua. Meno hayajahusika, lakini mfupa wa mguu wa mbele wa mbwa mdogo una unene wa penseli, na unavunjika. Mbwa mwenye mgongo mrefu kama Dachshund, hofu ni uti wa mgongo.

Meno yakihusika, mbwa mkubwa humkamata mdogo na kumtikisa. Juu ya ngozi utaona matundu mawili na damu kidogo. Chini yake misuli imebanduka kwenye mbavu, pengine pafu limetoboka. Mbwa anatembea, anakunywa maji, mwenyewe anashukuru Mungu, kisha usiku mbwa anaanza kuhema kwa tumbo na fizi zinapauka. Tundu lolote la jino kifuani, shingoni au tumboni ni la kliniki saa hiyohiyo, hata kama mbwa anatikisa mkia. Usimwage spiriti ukangoja asubuhi.

Kisha kuna jambo linalotangulia ugomvi, nalo ni parvo, ugonjwa wa kirusi wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa. Pit bull, pamoja na Rottweiler na Doberman, ni kati ya aina zinazoonekana kupatwa na parvo zaidi. Chanjo ya kwanza ni wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi 3, kisha irudiwe kwa ratiba ya daktari wako. Kabla hajaingia, kagua kadi za hao wadogo pia. Kama uwanja umewahi kuwa na mgonjwa wa parvo, osha sakafu kwa sabuni kwanza, ndipo upake Jik au klorini nyingine ya dukani ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, ikae dakika 10. Kinyesi kikibaki, klorini inaishiwa nguvu. Udongo wenyewe hauoshiki, na kirusi hukaa humo miezi mingi.

Mkufunzi wa mbwa, Mombasa

Daktari kanena kweli kuhusu mizani, lakini kuna kazi ya mikono inayoweza kufanywa, na wengi hawaifanyi.

Wasikutanishwe sebuleni. Wadogo wanaona ni kwao, na mlango ni mwembamba. Mtoto akishaanza chanjo, wapeleke uwanja wa jirani ambao mbwa wake wamechanjwa, kila mmoja na mtu wake, kamba zimelegea, watembee wakielekea upande mmoja wakiwa mita 5 mbali. Wakitulia, punguza hadi mita 2. Wanusishane sekunde 3, waiteni, tembeeni tena. Kamba ikivutika inampandisha mbwa kichwa na kifua, na mwenziwe anasoma hapo kwamba anatafutwa shari.

Mchezo nao una alama zake. Mkubwa anayecheza vizuri hujilaza, hujifanya mdogo, hukubali kukimbizwa kwa zamu. Kila baada ya nusu dakika lazima pawe na kituo. Ukiwa na shaka, mshike mkubwa kwa mkanda wa shingoni uone mdogo anafanya nini. Akirudi mwenyewe kumchokoza, wanacheza. Akikimbilia chini ya kiti, hakuwa anacheza, alikuwa anavumilia.

Na tafadhalini, msimkanye mbwa mdogo anaponguruma. Mngurumo ni onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma anajifunza kuuma bila kuonya, na anayemuuma safari hii ana taya kubwa kuliko lake. Akinguruma, muondoe mtoto. Basi.

Chakula ni kila mmoja na chumba chake, mlango umefungwa, bakuli ziinuliwe baada ya dakika 15, ziwe zimeisha au hazikuisha. Mifupa ya nyama haitupwi uwanjani kabisa. Mtu anaweza kuwa makini na bakuli mwaka mzima, halafu Jumapili akabwaga mifupa ya mbuzi katikati ya mbwa watatu.

Mwenye mbwa wadogo, Arusha

Mwalimu, hayo yote ni mazuri, lakini ni nani atayafanya saa nne asubuhi? Mwenye nyumba yuko kazini. Aliyebaki ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa kama anamtaka huyo mbwa, hakufundishwa kitu, na ana nguo za kufua. Jioni mbwa anafunguliwa alinde, kwa sababu ndicho alichonunuliwa. Mfumo wetu wa kufuga ni huo: mchana kibandani, usiku huru. Sasa huyu kashinda amefungwa kwa muda wa saa 10, nguvu zimejaa, anafunguliwa gizani kwenye uwanja mmoja na mbwa wa kilo 4 waliokuwa huru mchana kutwa wakipita mbele ya kibanda chake wakimbwekea. Hapo hamna malezi.

Na kwa ulinzi wenyewe hafai kama watu wanavyodhani. Hakuzalishwa kwa ajili ya kumlinda mtu na mtu, na wengi wao humchangamkia mgeni. Mnanunua hatari kwa mbwa wenu mkidhani mmenunua ulinzi wa geti.

Wala hakuna aliyemtaja mbwa wa kwanza. Mzee wa miaka 9, macho yana ukungu, anahitaji kulala. Yeye ndiye anaachia kitanda, mlango na bwana wake.

Mtanzania, Leicester

Nitaje upande wa sheria, kwa kuwa huku tunaishi nayo. Uingereza ilizuia pit bull kwa sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991, pamoja na Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. England na Wales XL Bully, mbwa mkubwa wa ukoo wa pit bull, aliongezwa tarehe 31 Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Februari 2024 huwezi kuwa naye bila cheti cha msamaha. Masharti ni kuhasiwa, kuwekewa chipu, bima ya madhara kwa wengine, na kuvishwa kifunga mdomo na kushikwa kwa kamba kila akitoka. Lakini kati ya masharti hayo hakuna linalogusa ndani ya nyumba. Mbwa mwenye cheti anaweza kuishi na Chihuahua na hakuna anayeuliza. Anayetaka serikali imlindie Maltese wake kwa sheria ya aina, ajue sheria hizo zimetungwa kwa ajili ya barabarani.

Mfugaji, Kiambu

Na Uholanzi walizuia pit bull mwaka 1993, mwaka 2008 wakaamua kuiondoa sheria hiyo kwa sababu kuumwa hakukupungua. Denver, Marekani, walizuia mwaka 1989, na mwaka 2020 wapiga kura wakaamua marufuku ibadilishwe kuwa kibali maalumu. Kuzuia jina ni rahisi, kumtambua mbwa kwa macho ni kugumu: wengi wanaoitwa pit bull mitaani kwetu ni chotara.

Dada wa Arusha, hoja yako ya saa nne asubuhi sina jibu jepesi. Ninakubali kwamba mteja asiye na mtu mzima wa kushinda nyumbani akatazwe. Liwe sharti la kwanza, kabla ya bei.

Mkufunzi wa mbwa, Mombasa

Kuna fundi wa kuchomelea kila mtaa, kwa hiyo tusizungumze kama kwamba haiwezekani. Mtu asipokuwapo, pawe na vizuizi viwili kati yao, kamwe si kimoja, maana mtoto wa watu atasahau geti moja. Geti la ndani liwe na kimo cha mita 1.2 na nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 4, kichwa cha mdogo kisipenye. Kwenye kibanda, pigilia mabati kutoka chini hadi sentimita 60. Mbwa wanaotazamana kupitia wavu kutwa wanajifunza kuchukiana hapohapo kwenye wavu, na unyayo ukipenya unarudi bila kucha.

Kuhasi kunasaidia kiasi, hasa madume wawili. Hakubadilishi mbwa.

Daktari wa mifugo, Nairobi

Nimalizie na lile ambalo wauzaji hawalitaji. Kukua pamoja kunahesabiwa na watu kwa miezi 6. Mbwa wa aina hii hukomaa kitabia kati ya mwaka 1 na 3, na hapo ndipo uvumilivu wake kwa mbwa wengine unapoweza kupungua, hata kwa aliyelala naye godoro moja. Mara nyingi anayeanzisha ni yule mdogo kwa umri, au aliyeletwa baadaye. Hutaona ugomvi kwanza. Utaona anasimama mlangoni mwenzake asipite, anakaza shingo mgeni akiingia, anamkodolea jicho bila kupepesa. Ukiona hayo, kuwaacha pamoja bila mtu kumekwisha, na hakurudi.

Kila nyumba yenye pit bull iwe na kabari ya kuachanisha taya, ya mti mgumu, mninga au mvule, kama sentimita 20, ncha imechongwa bapa. Taya lake halina kufuli, hiyo ni hadithi, anashikilia tu. Ukimvuta unamchana aliyeshikwa. Ukimpiga anaminya zaidi. Mpande kwa nyuma, mbane kiunoni kwa magoti, mkono mmoja ukamate mkanda wa shingoni, mwingine uingize kabari pembeni nyuma ya meno ya mbele, uizungushe kama ufunguo. Taya likiachia, mnyanyue umtoe. Kabari hii usiitumie kwa mbwa wa aina inayouma na kuachia, atakugeukia. Ukiumwa wewe katika purukushani hiyo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wako na kadi iko kabatini.

Mfugaji, swali langu kwako: mteja akikurudishia mbwa wa miaka 2 aliyeanza kukodoa jicho, unampokea?

Mfugaji, Kiambu

Ndiyo, daktari, na hilo liandikwe kwenye karatasi ya mauzo: anarudi kwa aliyemzalisha, umri wowote, bila kuulizwa fidia. Mfugaji asiye na kibanda tupu cha kumpokea asiwauzie wenye mbwa wadogo.

Mwenye mbwa wadogo, Arusha

Basi mkiandika karatasi hiyo, ongezeni mstari mmoja: jina la mtu mzima atakayeshinda nyumbani, na sahihi yake mwenyewe. Kama ni dada wa kazi, aonyeshwe kabari inavyotumika kabla mtoto hajatoka kwenu, na siku hiyo awe na haki ya kusema hapana.