Nimeletewa karatasi ya talaka: je, nyumba tuliyojenga ina sehemu yangu?

MamaWawili: Assalaam aleikum. Tulifunga ndoa ya Kiislamu mwaka 2011, na mwezi uliopita mume wangu alinitumia karatasi ya talaka kwa mkono wa kaka yake. Kiwanja cha Kihonda, Morogoro, alikinunua mwaka 2009 kabla hatujaoana, na hati ina jina lake peke yake. Hata hivyo, nyumba ilijengwa nikiwepo: yeye alileta mshahara, nami niliuza maandazi, nikasimamia mafundi na kulea watoto, ambao sasa mkubwa ana miaka 12 na mdogo 5. Shemeji anasema kwa kuwa sikuajiriwa sina changu humo, na tayari dalali ameanza kuleta wateja. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu: Waaleikum salaam, dada. Kwanza, karatasi hiyo peke yake haijaivunja ndoa mbele ya sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo mahakamani huitwa Fomu Na. 3. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka inayotolewa baada ya hati hiyo ndiyo mahakama huichukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika; mumeo ameanza mwisho. Angalia pia muda, kwa maana hati hiyo isizidi miezi sita tangu itolewe hadi shauri linapofunguliwa.

Kuhusu nyumba, shemeji amekosea. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama izingatie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, na mali iliyopatikana kabla ya ndoa nayo huingia ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. (Wengi husahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa ilionekana alizitumia vibaya fedha alizokabidhiwa na mumewe.) Kwa hiyo usidhani nusu ni yako moja kwa moja.

La haraka ni dalali. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na kwa kuwa kiwanja kina hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Fanya hilo wiki hii.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, kabla ya mabaraza waite wazee wa pande zote mbili. Mambo ya ndani yakishafika kwa hakimu hayarudi tena chumbani.

Karani Mstaafu: Shikamoo Bi Mkubwa. Wazee wakae, ila muhtasari wa kikao chao hauwi hati ya baraza, na nimeona mashauri yakiondolewa mahakamani kwa kosa hilo hilo.

Baba Asha: Dada, mimi niliyapitia haya nikiwa upande wa mume. Hakimu hakuuliza nani alikuwa na ajira. Aliuliza nani ana risiti, nani aliwalipa mafundi, na majirani waliona nini. Mke wangu alileta daftari la saruji alilokuwa akiandika kila gari lilipoteremsha mzigo, nami sikuwa na la kujibu. Kuhusu mtoto wa miaka 5, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa sababu nzuri zithibitishwe. Matunzo, hata hivyo, yanaendelea kuwa juu ya baba.

MamaWawili: Nawashukuru. Risiti nyingi zilibaki kwake, lakini daftari langu la VICOBA lina mkopo wa mwaka 2016 ulioandikwa «mabati», pamoja na sahihi ya mweka hazina. Kesho naanza na zuio, kisha baraza.