Krismasi ya kwanza bila mama, nataka kupamba sebule na vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Naombeni ushauri

binti_kibosho
Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Naombeni mnisaidie mawazo mana nimekaa na hili jambo wiki ya pili sasa na sipati jibu.

Mama yetu alitutoka mwezi wa tatu mwaka huu. Mimi naishi Arusha huku Sakina, wadogo zangu wawili wako Dar, kaka yetu mkubwa yuko Mwanza, na kama mnavyojua sisi wa Kibosho, kule mlimani Kilimanjaro, Desemba ikifika ni kupanda nyumbani tu, kwaiyo mwaka huu tunakutana wote pale pale kwa mama ila mama mwenyewe hayupo. Mimi ndo nimepewa kazi ya kutangulia kusafisha nyumba na kupamba. Miaka yote alikua anapamba yeye na hakua mtu wa vile vitu vya kumetameta vya dukani, alikua anavuta tranka la bati toka uvunguni, anatoa vitambaa alivyodarizi kwa mkono wake tangu msichana, anavipiga pasi ya mkaa, anatandika kwenye makochi, kwenye meza, juu ya redio, alafu kile kikubwa anakitundika juu ya mlango, kimeandikwa KARIBUNI NYUMBANI na maua mekundu na ndege wawili wanatazamana. Ukiona kile kitambaa kimetoka ujue sikukuu imeingia.

Juzi nilipanda nikafungua tranka. Vitambaa viko 23. Vingine vina madoa ya kahawia, viwili vimetobolewa na wadudu. Kuna kanga zake doti mbili. Kuna pia ile picha ya Tingatinga baba alinunua Dar mwaka 1984, chui na ndege, imechorwa kwenye ubao, imeshika masizi mana ilikaa miaka mingi karibu na jiko. Na chini kabisa ya tranka kuna kitambaa ambacho hakijaisha, sindano bado imechomekwa na uzi wa kijani uko tunduni. Amechora kwa penseli HERI YA KRISMASI WANANGU, ameshona mpaka KRISMA, basi. Nilikaa pale chini sijui mda gani.

Sasa kaka anasema mwaka huu tusitundike chochote cha mama, tutawaliza watu, tununue taa na maputo Krismasi ipite. Mdogo wetu wa mwisho anataka kila kitu kiwekwe. Mimi niko katikati. Nisaidieni, ni sawa kuvitundika kabla hata mwaka haujaisha? Kile kisichoisha nikimalizie, mana mama alinifundisha kudarizi? Na vinatundikwaje visiharibike, ukuta wenyewe ni wa bloku, plasta ngumu msumari unapinda.

Natanguliza shukrani.

mangi_wa_rau
Pole sana dada. Kwa kweli mi naona kaka yako ana hoja, sisi alipofariki baba tuliweka picha yake kubwa sebuleni Krismasi ile ile na bibi alishindwa kula, akarudi chumbani kulala saa saba mchana. Ongea nae kaka kwanza usimshtukize, akifika akute mmeshakubaliana.

mwalimu_mstaafu
Mwanangu pole. Mimi nimefundisha sayansi kimu miaka mingi kwaiyo ngoja nikujibu la vitambaa kabla hujavifua, mana watu wengi wanaharibu hapo.

Kwanza nikuulize, mama alikua anavitia wanga?

binti_kibosho
Ndio mwalimu, uji mwepesi wa muhogo. Vilikua vinasimama kama karatasi.

mwalimu_mstaafu
Basi hapo ndo wadudu walipopata chakula. Mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanapenda wanga kuliko uzi wenyewe, kitambaa kikiwekwa kwenye tranka na wanga wake kinaliwa. Kuanzia sasa mkivitoa kwa sikukuu mnatia wanga, mkivirudisha mnafua wanga wote utoke, vinakauka kabisa ndo vinafungwa.

Kufua sio vyote. Chukua pamba nyeupe, ilowanishe, ikandamize juu ya uzi mwekundu kama dakika moja hivi. Ukiona pamba imeshika wekundu hicho kitambaa usikitie maji kabisa, nyuzi za zamani nyekundu na za bluu zinachuja na zikishachuja kwenye kitambaa cheupe hakuna wa kukusaidia. Hata ya kijani ijaribu. Visivyochuja loweka kwenye beseni maji ya kawaida na sabuni kidogo sana, usisugue, usikamue, unakilaza juu ya taulo unakikunja nalo linyonye maji, alafu unakianika kimelala kivulini. Jiki usiguse. Doa la kahawia ambalo halikutoka kwa sabuni liache lilivyo, ukilazimisha utatoboa. Pasi piga kwa nyuma, kitambaa kimelala juu ya taulo, ili maua yabaki yameinuka yasilale.

Na ile sindano ITOE leo hii. Sindano inapata kutu na kutu ikiingia kwenye pamba haitoki. Ichomeke kwenye kipande kingine cha nguo uihifadhi pembeni.

kahawa_ya_machame
La kutundika mi nna wazo ambalo hutotoboa ukuta mara ishirini. Kama kwenye kihamba chenu, yaani shamba la nyumbani, kuna mikahawa ya zamani mliyokata, tafuta fito moja iliyonyooka, ndefu kama mita moja na nusu, menya gamba, isugue na msasa. Unaitundika kwa kamba ya katani kwenye misumari miwili tu ya zege, au kama kuna fundi mwenye drili weka plagi na skrubu, ndo imara zaidi. Vitambaa unavikunjia juu ya fito na kuvishikiza kwa mshono mkubwa wa nyuma unaofumuka kirahisi, usivitoboe na misumari. Mwakani unabadilisha vitambaa fito inabaki. Sisi nyumbani tumefanya hivyo na picha za babu akiwa kwenye mnada wa kahawa, na kila mtu akiingia anaanza kuongelea ile fito kabla ya picha, anauliza huu ni mkahawa wa upande gani wa shamba.

Angalizo, fito ikiwa na vitundu na unga unga unatoka usiilete ndani, huyo ni bungua. Tafuta nyingine.

dada_wa_njiro
Pole mpendwa. Zile kanga kata ushone foronya za mito ya makochi, kila ndugu akiondoka tarehe 2 anaondoka na mto wa mama. Nilifanya hivyo ya mamaangu na mpaka leo nalalia.

mama_pasua
Hapana jamani kanga ya marehemu msikate! Kanga ni mji na pindo zake na maneno yake, ukiikata foronya unabaki na maua tu maneno yameenda. Itandike nzima kwenye meza kubwa siku ya sikukuu.

dada_wa_njiro
Mama Pasua nakuelewa, ila ya kwangu ilikua imeshachanika katikati, hata kutandika isingewezekana. Nilikata pale penye maneno nikahakikisha yanabaki kamili mbele ya mto. Kama zake ni nzima basi sawa asikate.

fundi_fremu_majengo
Habari dada. Mimi natengeneza fremu hapa Moshi, nakwambia makosa ninayoyaona kila siku. Watu wanabandika kitambaa na gundi kwenye silingibodi, au selotepu nyuma. Baada ya miaka michache gundi inageuka njano inapenya mbele. Mwambie fundi wako hivi: ubao wa nyuma uvalishwe kwanza kitambaa cha marekani kilichofuliwa, alafu kitambaa cha mama kishonewe juu yake kwa uzi wa pamba, mshono mdogo mdogo pembeni. Na kioo kisiguse kitambaa. Aweke vipande vyembamba vya mbao katikati ya kioo na ubao, hata nusu sentimita inatosha, mana Kibosho kuna ukungu na baridi, unyevu unakaa kwenye kioo na ukigusa nguo inaota ukungu. Kuna waliokua wananiletea gunia la kahawa niweke nyuma kama pambo, linapendeza kweli lakini lisiguse kitambaa cheupe, linakiachia rangi ya kahawia.

Usitundike mkabala na dirisha. Na jioni mishumaa isikae chini yake.

Tingatinga isikutishe. Hiyo ni rangi ya mafuta kama ya baiskeli, kwaiyo USIGUSE thina wala petroli, itayeyuka yote. Futa vumbi na brashi laini kavu, alafu pamba yenye unyevu kidogo tu, kona moja kwanza, unabadilisha pamba kila ikichafuka. Maji yasiingie pembeni wala nyuma, ule ubao unavimba kama mkate kwenye chai.

mpenda_sanaa_arusha
Naongezea kwa Fundi. Kwa mwaka huo 1984 itakua imechorwa na wale waliofuata nyayo zake, mana mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 na akafariki 1972, miaka minne tu ya kazi. Waliobaki ni ndugu na wanafunzi wake. Angalia kona ya chini kuna jina la mchoraji, kabla hujafuta popote piga picha hilo jina kwa simu, mana wengine walisaini kwa rangi nyembamba sana. Kama kuna ndugu anayekumbuka baba alinunua wapi na kwa nini alichagua chui, andika anachokumbuka kwenye karatasi uibandike nyuma ya fremu, sio nyuma ya ubao wenyewe.

binti_kibosho
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Sindano nimeshatoa, ilikua imeanza kutu ila haijafika kwenye nguo. Mwalimu nimejaribu na pamba, vitambaa sita vinachuja, kile cha KARIBUNI NYUMBANI ni kimojawapo kwaiyo hakifuliwi, nitakipeleka kwa fundi na vumbi lake. Mpenda sanaa, baba alikua anasema yule chui anafanana na mama akikasirika, mama mwenyewe alikua akisikia anacheka mpaka anakaa chini. Nimeiandika hiyo.

Bado la kaka na la kile kisichoisha.

shangazi_wa_uru
Mwanangu, mimi ni mtu mzima nimezika wengi, nisikilize kidogo.

Nimeona watu siku hizi wanataka kuweka masale, yale majani yetu ya Kichaga, kwenye fremu ya marehemu sebuleni kwa sababu ni mila. Nakutahadharisha kabla mtu hajakushauri, isale kwetu lina kazi zake, linaombea msamaha, linaweka mpaka wa kihamba, linapandwa kwenye kaburi. Usiligeuze pambo bila kuuliza wazee wa ukoo wenu. Weka maua ya bustani ya mama.

Kaka yako hakatai mama. Mtoto wa kiume mkubwa anajua siku ile wote watamwangalia yeye aombe, na akiinua macho akutane na kazi ya mkono wa mama yake mbele ya watu anaogopa atashindwa. Mpigie simu, usimuulize vitundikwe au visitundikwe, muulize vikae wapi. Labda vikae chumba cha kulia sio pale anaposimama.

Kitambaa kisichoisha sisi huku tunasema kazi ya mtu mwachie mwenyewe. Lakini aliandika WANANGU. Amewaandikia nyie wanne. Usikae peke yako Arusha ukakimaliza, hiyo sio haki yako peke yako. Kipeleke mezani mkiwa wote mkiamua, na mkiamua kisiguswe basi kisiguswe milele.

mangi_wa_rau
Shangazi umenigusa. Narudisha maneno yangu kidogo, sisi kosa letu lilikua kumshtukiza bibi, sio picha.

kahawa_ya_machame
Aika shangazi, asante sana.

binti_kibosho
Wapendwa nimerudi, leo ni tarehe 27, niko bado nyumbani mtandao unasumbua.

Nilimpigia kaka, nikamuuliza vikae wapi kama shangazi alivyosema. Alinyamaza mda mrefu nikadhani simu imekatika, alafu akasema kile cha mlangoni kikae mlangoni, kama siku zote, vingine nipange mwenyewe. Alikuja mapema siku mbili na ndie aliyetafuta fito ya mkahawa, alikata tatu mbili zikawa na bungua. Fremu ya KARIBUNI NYUMBANI imekaa juu ya mlango na nafasi ya kioo kama fundi alivyosema, na kwenye fito tumeweka vitambaa saba vile vilivyofulika. Kanga hatukukata, moja ilikua kwenye meza kubwa na mtori ulimwagika juu yake kabla hata ya sala, mama mdogo akasema hiyo sasa ndo imekua ya Krismasi.

Mama mdogo ndo alituambia vitu ambavyo hatukuvijua. Wale ndege wawili sio pambo tu, ni yeye na mama, walishona pamoja wakiwa wasichana kabla hawajaolewa, na ndege wa kulia ameshona yeye, ukiangalia karibu mshono wake umelala upande mwingine. Miaka yote tumepita chini ya kile kitambaa hatujui.

Kile kisichoisha tulikiweka mezani usiku wa tarehe 25 watoto wameshalala. Mdogo wetu wa mwisho alitaka tumalizie, kaka alisema kiachwe, mimi sikusema. Mwisho tumekubaliana maandishi hayaguswi, penseli yake itabaki inaonekana, ila pindo la pembeni ambalo hakua ameanza tutalishona sisi, kila mmoja upande wake mmoja, pande nne watoto wanne. Kaka hajawahi kushika sindano. Jana mchana alikua amekaa barazani na mama mdogo anamuonyesha, ameshafika kama sentimita kumi na mshono wake unaonekana kabisa ni wake.

Mwalimu naomba nikuulize kitu kimoja, uzi wa kijani wa mama umebaki kidogo na hautoshi pande zote nne, je nikichanganya na uzi mpya wa sasa utachuja tofauti tukija kufua?

mwalimu_mstaafu
Uloweke huo mpya kwanza kwenye maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke meupe, hata mara nne tano. Ukikauka ndo ushonee. Na wa mama ugawe sawa, kila upande uanze na wake.