Mjadala: Mississippi ikifuta kodi ya mapato, nani ataziba pengo?

Mleta mada: Wakuu, Machi 2025 gavana wa jimbo la Mississippi, Marekani, Tate Reeves, alisaini sheria ya kuimaliza polepole kodi ya mapato ya jimbo. Mwaka 2026 ni asilimia 4, ifikapo 2030 itakuwa 3, kisha itashuka kila makusanyo yatakapoizidi bajeti kwa kiwango fulani, hadi sifuri. Kodi ya serikali kuu iko palepale, tusichanganye.

Mimi napinga. Pigeni hesabu. Asiye na familia anayepata dola 20,000 kwa mwaka anasamehewa 6,000, anatolewa 2,300 nyingine, na 10,000 za kwanza kwenye kinachobaki hazitozwi. Zinabaki 1,700, asilimia 4 yake ni dola 68. Anayepata 200,000 analipa 7,268. Sasa hapo nani kafutiwa kodi? Na kodi ya petroli inaongezwa senti 9 kwa galoni ndani ya miaka mitatu. Anayejaza galoni 10 kwa wiki ataacha karibu dola 47 kituoni kila mwaka.

Mchangiaji 1: Mkuu, mbona umeruka vyakula? Sheria hiyohiyo imeshusha kodi ya mauzo ya vyakula kutoka asilimia 7 hadi 5. Anayenunua vya dola 300 kwa mwezi anabaki na 72 kwa mwaka. Petroli yako imeshalipwa hapo, na chenji juu. Halafu Tennessee ni jirani, haitozi mshahara wa mtu. Texas vilevile. Kijana mwenye kampuni yake atafuata nini Mississippi?

Mleta mada: Nafuu ya vyakula ingeweza kupitishwa peke yake, haikuhitaji kufuta kitu. Tennessee wanatoza mauzo asilimia 7, chakula 4. Texas muulize mwenye nyumba bili yake ya kodi ya majengo. Mpangaji naye anailipa ndani ya pango. Alaska walifuta mwaka 1980, ila walikuwa na mafuta.

Mchangiaji 2: Na Kansas je? Mwaka 2012 gavana wao Sam Brownback alipunguza viwango vya kodi ya mapato, akasamehe kabisa faida za biashara nyingi ndogo, akiahidi uchumi utapaa. Mwaka 2015 wakapandisha kodi ya mauzo kutoka 6.15 hadi 6.5, unga na maziwa vikiwamo. Mwaka 2017 bunge lililoongozwa na chama chake mwenyewe, Republican, likapiga kura kuishinda veto yake (kukataa kwake muswada) na kurudisha kodi.

Mchangiaji 1: Kansas walikurupuka. Mississippi wameweka masharti, mapato yasipotosha kodi haishuki.

Mleta mada: Masharti yapi, mkuu? Kwenye kizingiti cha ziada ya makusanyo inayoruhusu kodi ishuke, Seneti ilikusudia asilimia 85, muswada ukaandikwa asilimia 0.85, nukta imekaa pabaya. Baraza la Wawakilishi likapitisha hivyohivyo, gavana akasaini. Breki unayoisifia karibu haipo.