Pailoti inazimika nobu ikiachiwa, na jiko linapiga cheche tupu

MajiMoto_2
Habari wakuu. Naombeni mwongozo kabla ya kuanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Kifaa cha kwanza ni hita ya maji ya tangi, inatumia gesi ya mtungi na inawashwa kwa pailoti, kile kimoto kidogo kinachowasha kichomeo kikuu. Nobu ikibonyezwa, pailoti inashika. Ikiachiwa baada ya sekunde 20 hivi, inazimika palepale. Moto wenyewe ni mdogo, umelegea, na ncha yake ni ya njano.

Cha pili ni jiko la vichomeo vinne. Kichomeo kimoja kinapiga cheche na gesi inatoka, lakini hakiwaki mpaka kisogezewe kiberiti. Isitoshe, tangu lioshwe, jiko linalia tik-tik-tik hata nobu zote zikiwa zimefungwa.

Mita ya umeme ipo. Nianzie wapi?

spana_kumi
Hiyo ya hita ni themokapo, mkuu. Nunua yenye urefu uleule na nati ya saizi ileile, funga, umemaliza.

Mwali wa Buluu
spana_kumi umewahi mno. Amesema moto ni mdogo na wa njano. Ukifunga themokapo mpya kwenye moto wa namna hiyo, pailoti itazimika vilevile na hela imekwenda.

MajiMoto_2, elewa kwanza kinachotokea humo ndani. Themokapo ni kijiti cha metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, inazaa umeme kidogo sana, milivolti 25 hadi 35 ikiwa haijafungwa popote. Umeme huo unaipa nguvu sumaku ndogo iliyo ndani ya vali ya gesi. Sumaku hiyo haina ubavu wa kuivuta vali, inaweza tu kuishikilia ikishasukumwa, na anayeisukuma ni kidole chako. Ukiachia nobu, sumaku inapokea zamu. Ikiwa haina nguvu, springi inafunga gesi yote, ya pailoti na ya kichomeo kikuu.

Kwa hiyo sekunde 20 ni chache. Bonyeza nobu mpaka mwisho kabisa, shikilia sekunde 60, uachie taratibu. Wengi hubonyeza nusu, vali haiifikii sumaku, kisha lawama zote zinaangukia themokapo.

Baada ya hapo utazame moto. Unatakiwa kuwa wa buluu, uliosimama imara, unaofunika milimita 10 hadi 13 za juu za ncha ya themokapo. Moto mdogo maana yake nozeli ya pailoti, kile kipande chenye tundu la kutolea gesi, imeanza kuziba. Moto wa njano maana yake hewa haitoshi, na mara nyingi chanzo ni vumbi au utando wa buibui kwenye kitundu cha hewa kilicho ubavuni mwa pailoti. Buibui wanapenda vijitundu hivyo kuliko unavyodhani.

Kusafisha: funga gesi kwenye mtungi, acha kila kitu kipoe, fungua bomba jembamba la pailoti, utoe nozeli. Iloweke kwenye spiriti, kisha ipulize kwa hewa ya kopo kutokea upande wa moto kurudi upande wa gesi. Usiingize sindano wala waya. Tundu lake limepimwa, ukilipanua kidogo tu moto unakuwa mrefu na wa njano, na hapo dawa ni nozeli mpya. Ukinunua, sema wazi kwamba ni ya gesi ya mtungi. Ya gesi asilia ina tundu kubwa zaidi kwa sababu gesi hiyo hufika na presha ndogo. Themokapo nayo ifute masizi kwa pamba laini ya chuma, bila kuikwangua.

Ukirudisha, paka maji ya sabuni kila ulipofungua. Povu likivimba, kaza tena. Usijaribu uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

njia_fupi
Mbona mnamzungusha? Bana nobu kwa kipande cha mti ibaki imebonyezwa, pailoti haitazimika tena.

Mwali wa Buluu
Nobu ikibanwa, umeiua kinga. Siku pailoti ikipulizwa na upepo, gesi itaendelea kutoka bila moto. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutanda sakafuni, inasubiri cheche ya swichi au ya friji. Tafadhali usimshauri mtu hivyo.

Hewa na Moshi
Naongezea jambo moja kuhusu pailoti zinazozimika zenyewe baada ya kuwaka kwa dakika au saa kadhaa. Hita za chumbani zisizo na bomba la moshi huwa na pailoti maalumu inayopima oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka kuelekea 18, moto wa pailoti hiyo unanyanyuka na kuiacha themokapo, gesi inafungwa. Watu wanabadilisha themokapo tatu mfululizo kumbe kifaa kinafanya kazi yake na chumba ndicho hakina hewa. Fungua dirisha ukipime tena. Kikikaa bila kuzima, tatizo ni hewa ya chumba. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na masizi meusi juu ya kifaa ni dalili ya kuacha kukitumia mara moja.

Kwa hita za tangi za kisasa zenye chumba cha moto kilichofungwa, angalia pia wavu wa hewa chini ya tangi. Nyuzi za nguo na vumbi vikiuziba, pailoti inakosa pumzi hata kama nozeli ni safi.

MajiMoto_2
Asanteni. Nozeli imesafishwa, pailoti sasa ni ya buluu na inaifunika ncha. Themokapo ikifunguliwa kutoka kwenye vali inasoma milivolti 27. Lakini ikifungwa na nobu kushikiliwa sekunde 60, bado inazimika ikiachiwa.

Mwali wa Buluu
Vizuri, umetupunguzia kazi. 27 bila mzigo ni afya. Ingekuwa chini ya 20 na moto huo mzuri, ningekuambia uitupe. Sasa umeme unazaliwa lakini haufiki kwenye sumaku, au unafika na sumaku haishiki.

Anza na nati ya themokapo kwenye vali. Kwa milivolti chache hivi, doa la kutu au tone la mafuta linatosha kukata njia. Futa kitako cha themokapo na mahali kinapokaa kwa kitambaa kikavu, usipake gundi wala tepu ya mabomba, kisha kaza kwa vidole na uongeze robo ya mzunguko kwa spana. Ukikaza kwa nguvu zote unabonyeza kihami (kizuia umeme) kilicho kati ya kitako na ganda la shaba, na hapo umeifupisha sakiti mwenyewe, umeme unapita njia ya mkato bila kufika kwenye sumaku.

Ikikataa, tafuta swichi ya joto kali. Hita nyingi za tangi zina swichi inayokata njia ya themokapo maji yakipita kiwango cha hatari, na nyingine zina ya pili karibu na bomba la moshi. Tangi likiwa limepoa, ipime kwa mita upande wa omu: inatakiwa kusoma karibu sifuri. Ikiwa wazi, yaani njia ya umeme imekatika, usiiruke kwa waya. Iliyokatwa na moshi unaorudi ndani inakuambia bomba la moshi limeziba.

Vyote vikiwa sawa, imebaki sumaku ya vali. Kuna jaribio rahisi: pailoti ikikubali kukaa hata mara moja, iache iwake dakika 3, izime, uhesabu mpaka usikie "tak" ya vali kujifunga. Kwenye mfumo mzima, mlio huja baada ya sekunde 30 hivi au zaidi, ncha inavyopoa. Ukija ndani ya sekunde chache, nguvu ya kushikilia ni ndogo mno. Na usiiwashe hita tena papo kwa papo: subiri angalau dakika 5, unuse karibu na sakafu kwanza.

spana_kumi
Nakubali, niliwahi. Nichukue upande wa jiko.

Kwenye majiko mengi kisanduku cha cheche ni kimoja kwa vichomeo vyote, ndiyo maana ukiwasha kimoja vyote vinalia. Vyote vikikosa cheche, shuku umeme, betri au kisanduku. Kimoja pekee kikisumbua, tatizo liko palepale kwenye kichomeo.

Zima taa uangalie cheche inarukia wapi. Inatakiwa iruke milimita 3 hadi 5 kutoka ncha hadi kwenye kichomeo au kifuniko chake. Ikitokea ubavuni mwa kaure nyeupe inayoizunguka ncha ya cheche, kaure imepasuka na haigundishwi, inabadilishwa. Ikiruka mahali pake na gesi haishiki, basi gesi haifiki ilipo cheche: kifuniko kimekaa upande, au vitundu vilivyo jirani na ncha vimeziba kwa chakula. Kwenye kichomeo cha jiko pini inaruhusiwa, tofauti na nozeli ya pailoti. Osha kwa mswaki, kausha, kalisha kifuniko mpaka kisicheze. Ukiona kinachelewa halafu kinawaka kwa mshindo, hayo ni matundu yaleyale.

Kulia mfululizo ni maji chini ya nobu. Kila nobu ina swichi ndogo, na maji yakiingia inabaki imeunganika. Chomoa jiko kwenye umeme, toa nobu, futa, acha likauke usiku kucha. Likiendelea kulia likiwa kavu, chomoa tena, fungua sahani ya juu, utenganishe waya wa swichi moja moja, ukichomeka kila mara kusikiliza. Ile inayonyamazisha mlio ndiyo mbovu. Usiguse ncha za cheche jiko likiwa kwenye umeme.

MajiMoto_2
Kitako cha themokapo kilikuwa na utando wa kijani. Kimefutwa, kimekazwa robo mzunguko, pailoti imekaa. "Tak" imekuja sekunde ya 38. Kwenye jiko, kifuniko kilikuwa kimegeuzwa. Mlio umepungua lakini haujaisha.

spana_kumi
Liache siku nzima likiwa limechomolewa kabla hujafungua sahani. Maji yakijificha kwenye swichi hizo hayana haraka ya kutoka. Na mara nyingine loanisha kitambaa, usilimwagie maji.