Kuishi ndani ya basi ya zamani ama nyumba ndogo ya mbao hapa Goma, nani ashajaribu?

KijanaKatindo:
Yambo bote. Niko na swali na naomba batu benye banajua vizuri banisaidie. Mimi na bibi yangu na mtoto wetu tunalipa nyumba Katindo na kila mara mwenye nyumba anapandisha bei, ukihama unatoa tena garanti ya miezi mingi kwa mara moja, kweli tumechoka. Muyomba wangu iko na parseli (kiwanja) upande wa Mugunga, ni mawe ya volkano tu, alisema naweza kuikaa bure lakini nisiweke kitu ya kudumu, juu siku moja batoto bake bataihitaji na mimi nitatoka na vitu vyangu.

Sasa nimeangalia video mingi za batu ba Marekani na Ulaya, banachukua basi ya zamani banaweka kitanda, jiko, pano ya jua juu, banaishi vizuri kabisa. Kuko karoseri (mwili) moja ya Coaster, basi ndogo, haina motere, fundi wa garaje anaiuzisha. Rafiki mwingine anasema nitafute kontena ya futi 20. Bibi yangu anataka nyumba ya mbao. Umeme haufike pale, robine (bomba la maji) iko mbali. Ni gani munaona itafaa?

FundiShevroni:
Ndugu, bibi yako ana haki. Hapa Goma nyumba ya mbao njo nyumba yetu ya kuhamisha, batu bamefanya hivyo tangu zamani na hakuna mutu alirekodi video. Tunapanga mawe ya volkano chini bila simenti, juu yake tunalaza madriye (mbao nene), halafu shevroni (miti ya kushikilia kuta na paa), halafu mbao na manjanja (bati za paa). Siku ya kutoka unang'oa misumari polepole, unaandika namba kwa kila ubao na chaki ya mafuta, unapakia kwa lori ya Fuso na kule unaenda unaisimamisha tena. Mbao kidogo zitapasuka, hizo unanunua mupya, lakini nyumba inabaki yako.

Mita 4 kwa 5 inatosha kwa batu batatu kama ukipanga vizuri. Kule Marekani sheria yao ya ujenzi ya 2018 inaita nyumba ndogo ile haipite futi za mraba 400, ni kama mita 37 za mraba. Sasa wewe na mita 20 zako uko ndani kabisa, na majirani wako wengi vilevile.

Karoseri ya Coaster siipende kwa upande ule. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, upepo unausukuma sana kwenda magharibi, mvua inateremka na asidi, kila mutu wa kule anajua vile manjanja inakula kutu haraka. Sasa bati nyembamba ya gari yenye imeshatobokatoboka utaipaka rangi mpaka lini? Na haina motere, kuihamisha utahitaji gari ya kukokota juu ya mawe, utalipa pesa ya kujenga nyumba nzima. Mbao zako zipake mafuta ya vidanji (oili chafu ya motere) kwa inje tu, si kwa ndani kwenye munalala, ile harufu ni mbaya kwa mtoto na moto unaipenda.

DadaWaBulengo:
Mbele ya kuongea mbao ama basi, kaka, nakuomba usikilize hii. Umesema Mugunga. Umeuliza kuhusu mazuku?

Mimi nimekomalia Bulengo na hii kitu hatuifanyie muchezo. Mazuku ni gazi karboniki (CO2) inatoka chini kupitia nyufa za mawe, haina harufu, haina rangi, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inateremka na kujaa kwa mashimo na mabonde madogo sawa maji. Muchana jua na upepo vinaitawanya, usiku hewa ikitulia inajaa tena, na asubuhi mapema njo saa mbaya zaidi. Ikifika asilimia 10 ya hewa unayovuta, mutu anazimia kwa dakika kidogo tu, na akianguka chini njo anaanguka ndani yake kabisa. Upande wetu, Lac Vert, Bulengo, mpaka kuelekea Sake, mbuzi na mbwa zinakufa hivyo na batu pia. Mtoto yuko kwa hatari kuliko mukubwa juu ya urefu wake, pua yake iko karibu na chini.

Sasa fikiri basi yenye umeiweka kwa sehemu ya chini "kwa sababu haina upepo", madirisha yamefungwa kwa baridi, na munalala karibu na sakafu. Naogopa hata kuandika. Nenda kule asubuhi na majirani wa zamani, si na muyomba peke yake, uwaulize ni wapi mifugo inakufa, wapi batu bamekataa kujenga, wapi nyasi zimekauka bila sababu. Batu wengine banateremsha mshumaa na kamba ndani ya shimo, ukizimika ni mazuku, usibishane. Lakini mshumaa ukiwaka usiseme basi hakuna kitu, juu moto unazimika tu wakati gazi imeshakuwa mingi sana, na muchana si usiku. Uliza pia watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kazi yao ni hiyo. Na nyumba uiweke kwa mwinuko, sakafu juu ya mawe, kitanda kirefu. Kama parseli yote iko ndani ya bonde, kaka, usijenge. Hata bure, kataa.

KijanaKatindo:
Dada aksanti sana. Kuko bonde kwa upande mmoja wa parseli na njo pale nilitaka kuweka basi kwa sababu ya kivuli. Muyomba hakuniambia kitu. Upande wa barabara umeinuka. Nitaenda kuuliza majirani mbele ya kununua hata musumari. Na maji na umeme munafanyaje?

MamaSolari_Bukavu:
Mwanangu, mimi naweka pano kwa nyumba za huku Kadutu na Bagira, kwa hiyo naongea kazi yangu. Anza na matumizi, usianze na bei ya pano. Ampuli tatu za LED za wati 5, saa tano usiku, ni 75 wati-saa. Simu mbili kama 30. Radio 30. Ordinateri (kompyuta) ya wati 50 kwa saa mbili ni 100. Jumla 235. Pano moja ya wati 100 kwa jua letu na mawingu yetu hesabu wati-saa 300 kwa siku, basi inatosha kidogo, wati 200 ni bora. Batri ya 12 volti na 100 Ah (amperi-saa) inabeba wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiteremshe chini ya nusu, itakufa mapema. Usichukue batri ya gari, ile imetengenezwa kwa kuwasha motere. Regileta (kifaa cha kulinda batri) usiiache hata kama fundi anakuambia si lazima! Fero (pasi) na reshoni (jiko la umeme) sahau kabisa. Na pano uipanguse, vumbi nyeusi ya volkano inaziba jua.

Maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litre moja, kwa manjanja ya mita 20 mvua ya milimita 20 inakupa litre 400. Lakini kwa kunywa hapana, upande huo mvua inashika fluori ya volkano, njo unaona batoto wa kule na meno ya rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoe. Ya mvua ni ya kufua na kuosha. Ya kunywa nunua bidoni za robine.

Na makala (makaa) usipikie ndani mlango umefungwa, nyumba ndogo inajaa moshi haraka na ile gazi yake inaua watu wakiwa wamelala. Fanya kajiko inje chini ya bati. Weka mlango wa pili ama dirisha kubwa yenye inafunguka. Huku Bukavu moto ukishika mbao, nyumba inaisha mbele ya jirani kufika na ndoo.

WaLubumbashi:
Kontena usinunue kwa hali yako. Huku kwetu mwezi wa kumi ndani yake mutu hawezi kukaa muchana, na usiku wa baridi maji yanatiririka kwa kuta. Unalazimika kuweka paa ingine juu yake na tripleksi (mbao nyembamba za kubandika) ndani. Halafu tupu ni zaidi ya tani mbili, kuiondoa unahitaji gari yenye gru (kreni). Wewe ulisema siku moja utatoka.

KijanaKatindo:
Nimeelewa, ile basi ya Coaster na kontena naziacha. Fundi, shevroni za eucalyptus ninunue sasa zikae?

FundiShevroni:
Nunua, zipange kwa kivuli na vijiti katikati hewa ipite, jiwe nzito juu. Mbichi zinajipinda na misumari inalegea. Zikiwa zinakauka wewe ongea na majirani wa Mugunga. Wakisema ule mwinuko uko sawa, uniite nikuje kupima.