Mkandarasi mwenye usajili kaharibu ukarabati wa nyumba Isamilo: nianzie Bodi au mahakamani?

Isamilo_Juu

Habari zenu wakuu. Nyumba ni ya ghorofa moja, imekaa kwenye mteremko hapa Isamilo, Mwanza, ukuta wa nyuma umegemea mlima. Mkandarasi alipewa kazi mbili. Chini, kuvunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili upatikane uwazi wa mita 3.2. Juu, kukarabati bafu zima: bomba, sakafu na tailizi mpya. Ana usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), majengo daraja la saba. Mkataba wa maandishi upo, shilingi milioni 38. Ameshalipwa milioni 34.2, asilimia 10 imezuiwa. Kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro) ni miezi sita, na makabidhiano yalifanyika miezi minne iliyopita.

Hali ya sasa: kuna ufa unaoanzia kona ya juu ya uwazi na kupanda mshazari kuelekea slabu, upana kama mm 3. Tailizi nyingi za bafuni ukizigonga zina mlio mtupu. Dari ya chumba kilicho chini ya bafu ina madoa ya maji, na ukuta wa nyuma wa chumba hichohicho una unyevu. Mkandarasi alisema ufa ni wa plasta tu na unyevu unatoka mlimani. Sasa simu hapokei.

Naomba kujua: Bodi inaweza kumwadhibu? Inaweza kumwamuru arudishe pesa? Na nilete fundi mwingine avunje sakafu ya bafu sasa hivi, au nisubiri?

Nondo_Mm16

Kabla ya Bodi, shughulikia huo uwazi. Ukuta uliovunjwa ulikuwa umebeba slabu, na juu ya slabu kuna bafu. Ufa wa mshazari kutoka kona ya uwazi ni dalili ya lenta (boriti ya zege iliyo juu ya uwazi) inayolegea katikati au inayosaga bloku pale ilipokalia.

Weka mirunda au nguzo za chuma chini ya slabu, pande zote mbili za uwazi, umbali wa sm 60 hadi 90 kutoka ukutani, nguzo hadi nguzo isizidi mita 1. Juu ya nguzo pitisha ubao wa 2x6 uliosimama kwa upana wake mkubwa, na chini weka ubao mwingine ili mzigo usitoboe sakafu. Zikazwe ziguse slabu tu, msiinue kitu. Ukilazimisha kuinua utaleta nyufa mpya, na yeye atasema umezileta wewe.

Halafu upime ufa. Chora mstari wa penseli pale unapoishia kila upande, andika tarehe pembeni. Piga picha rula ikiwa imelazwa juu ya ufa, na urudie kila wiki. Paka pia utepe mwembamba wa jipsamu ukatize ufa: ukipasuka, ukuta bado unatembea. Mm 3 peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni kama ufa unakua na unapita wapi.

Kuhusu madai ya "plasta tu", mbele ya mhandisi na shahidi bandua plasta kipande cha sm 30 juu ya ufa. Bloku zikiwa nzima, mkandarasi yuko sahihi. Ufa ukipita ndani ya bloku au ukishuka kwenye maungio kama ngazi, ukuta umesogea.

Mwambie mhandisi aangalie mambo haya hasa:

Lenta imelala kiasi gani ukutani kila upande. Chini ya sm 15 haikubaliki, na kwa uwazi wa mita 3.2 unaobeba slabu, sm 20 na zaidi ndiyo salama. Kama imekalia bloku zenye matundu bila kipande cha zege chini yake, bloku zinapondeka taratibu.

Nondo. Mafundi wengi wana mazoea ya nondo nne za mm 12 kwa kila lenta, iwe ya dirisha la mita 1.2 au ya uwazi kama huu. Hapa ilitakiwa ipigwe hesabu ya mzigo. Nondo kuu zinatakiwa ziwe chini, huko ndiko zege linakovutika. Kuna vifaa vya kutafuta nondo bila kuvunja, na kuna nyundo ya Schmidt ya kukadiria ugumu wa zege.

Mbao za chini ya lenta zilitolewa baada ya siku ngapi? Zege hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28, na nguzo za chini ya boriti ya urefu huu hazitolewi kabla ya wiki mbili hadi tatu. Tafuta picha za kwenye simu zenye tarehe, utaijua siku ya kumwaga na siku ya kutoa mbao.

Bomba_Nyegezi

Bafu lisivunjwe bado! Ukivunja sakafu leo, umevunja ushahidi wako mwenyewe. Na hoja yake ya mlima si ya kupuuza, Isamilo, Bwiru na Bugando nyumba nyingi zimechimbiwa mwambani na maji ya mvua hupita kwenye mianya ya mawe hadi ukutani. Lazima uonyeshe kwa vipimo ni maji gani yako wapi.

Unyevu wa mlimani huanzia chini ya ukuta na kupanda, unazidi baada ya mvua, unaacha chumvi nyeupe na kubambua rangi. Maji ya bafu yanaanzia darini na kushuka, na yanakuja hata Julai pakiwa pakavu kabisa. Kwako inawezekana yote mawili yapo. Usimdai yeye unyevu wa mlimani kama hakupewa kazi ya ukuta wa nyuma, utaharibu dai zuri kwa kuliongezea lisilo lake.

Fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu, na kati ya moja na jingine acha dari ikauke siku mbili tatu.

La kwanza ni bomba za presha. Funga koki zote ndani, angalia mita ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza): kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji. Kama bafu linalishwa na simtanki, mita haitakuambia kitu. Weka alama ya usawa wa maji kwenye tanki usiku, funga maji yanayoingia, watu wasitumie maji, soma asubuhi. Fundi mwenye pampu ya kupima presha ni bora zaidi.

La pili ni bomba za maji machafu. Mimina ndoo tano za maji moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni kwa mpira, sakafu ibaki kavu. Doa likitokea chini, kosa liko kwenye maungio ya bomba.

La tatu ni sakafu. Ziba tundu kwa plagi au mfuko wa mchanga uliofungwa kwa nailoni, jaza maji kina cha sm 2 hadi 3, tia rangi ya chakula, chora alama ya usawa ukutani, acha saa 24. Rangi ikionekana kwenye dari ya chini, mjadala wa mlima umekwisha kwa upande wa dari.

Pima pia mwinuko kwa pima maji. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke sm 1 hadi 1.25 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Na hizo tailizi zenye mlio mtupu, chora ramani ya sakafu kwenye karatasi, gonga moja moja kwa sarafu, weka X kwa kila yenye mlio. Kwa kawaida chanzo ni gundi kuwekwa madonge matano badala ya kutandazwa kwa mwiko wa meno. Maji hujaa kwenye ule uwazi chini yake, na kama dawa ya kuzuia maji haikupakwa, au ilipakwa ikaishia usawa wa sakafu bila kupanda ukutani angalau sm 15, yanaingia kwenye slabu.

Vifaa_Kirumba

Mkuu, una milioni 3.8 mkononi mwako. Kwa nini usumbuke na Bodi? Ita fundi mwingine, lipa kwa hiyo hela, maisha yaendelee.

Mkataba_Kwanza

Vifaa_Kirumba, hiyo fedha ilizuiwa kwa ajili ya jambo kama hili, lakini mwenye nyumba hawezi kuitumia hivihivi. Mkandarasi bado yuko ndani ya matazamio: ana wajibu wa kurekebisha, na ana haki ya kupewa nafasi ya kurekebisha. Ukimruka, atakwenda mahakamani yeye na kudai 3.8 yake, aseme ulimnyima nafasi na ukaharibu kazi aliyokabidhi ikiwa nzima.

Isamilo_Juu, unachanganya milango miwili, na wengi hukwama hapohapo.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa Sheria Na. 17 ya 1997. Kazi yake kwako ni nidhamu: inapokea malalamiko, inamtaka mkandarasi ajieleze, inaweza kukagua, na mwisho inaweza kutoa onyo, kutoza faini, kusimamisha au kufuta usajili. Faini hiyo haiji kwako. Kuamuru ulipwe gharama za kurudia bafu ni kazi ya mahakama, au ya msuluhishi kama mkataba unasema hivyo. Hata hivyo Bodi ina nguvu ambayo watu hawaithamini: mkandarasi anayetaka zabuni hawezi kukaa na usajili uliosimamishwa. Wengi hurudi kazini wakishapata barua ya Msajili wa Bodi.

Fungua njia zote mbili, kwa mpangilio. Anza na notisi ya maandishi kwake, ipelekwe kwa mkono kwenye ofisi iliyotajwa kwenye mkataba, nakala isainiwe. Akikataa kusaini, msafirishaji aandike kiapo. Iwe fupi:

"Kwa mujibu wa mkataba wetu wa tarehe …, ukiwa ndani ya kipindi cha matazamio, nakutaarifu kasoro zifuatazo: (1) ufa kona ya kulia ya uwazi wa sebule, (2) tailizi … kati ya … za bafu hazijashika, (3) maji kupita sakafu ya bafu kwenda chumba cha chini. Unatakiwa kuja kukagua pamoja na mhandisi wangu tarehe … saa …, na kuanza marekebisho ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitamweka mkandarasi mwingine kwa gharama zako, nikianza na fedha iliyozuiwa."

Hesabu za tailizi zitoke kwenye ile ramani ya X. Neno "mbovu" lisiwemo hata mara moja, weka vipimo.

Siku ya ukaguzi aje asije, mhandisi aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) aandike ripoti yenye muhuri wake: kasoro, chanzo, namna ya kurekebisha, makadirio ya gharama. Mhandisi huyo asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha.

Siku 14 zikipita, peleka malalamiko kwa Msajili wa CRB. Kanda ya Ziwa wana ofisi hapahapa Mwanza, huna haja ya kusafiri. Ambatisha mkataba, makadirio ya kazi, risiti za malipo, hati ya makabidhiano, notisi yenye saini, ripoti ya mhandisi na picha zenye tarehe. Taja jina la kampuni lilivyo kwenye cheti cha usajili pamoja na namba yake. Mtu anaweza kuwa na kampuni mbili, moja ina usajili na nyingine haina, na mkataba ukawa na hiyo isiyo nayo.

Isamilo_Juu

Nashukuru sana. Nguzo zimeshawekwa. Nyongeza: bango la mradi halikuwekwa kabisa. Mkataba hauna muhuri wa TRA. Na mazungumzo mengi, pamoja na yeye kukiri kuwa alibadilisha ukubwa wa nondo, yako WhatsApp. Kibali cha kuvunja ukuta aliniambia hakihitajiki.

Mkataba_Kwanza

Bango: mradi unatakiwa usajiliwe Bodi na bango liwepo. Uliza ofisi ya kanda kama mradi wako ulisajiliwa. Kama haukusajiliwa, hilo ni kosa lake la pili na ni rahisi kulithibitisha kuliko nondo. Liweke kwenye malalamiko, aya yake peke yake.

Muhuri: nenda TRA ukalipie ushuru wa stempu sasa, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Mkataba usiolipiwa unaweza kupingwa usipokelewe kama kielelezo, na wakili wake ataanzia hapo.

WhatsApp inapokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo ukionyesha umetokana na kifaa gani na haujachezewa. Usiuze wala usibadilishe hiyo simu. Hamisha mazungumzo yote, siyo vipande, uyachapishe, uweke na kiapo chako.

Kibali: kuvunja ukuta unaobeba mzigo kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Jiji. Mwenye nyumba ndiye anayewajibika kwanza kwa hilo. Nenda kalishughulikie kabla hajalitumia dhidi yako, na marekebisho yafanyike kwa michoro iliyopitishwa.

Kesi ya mkataba ina ukomo wa miaka sita, muda unao. Ila soma kifungu cha migogoro kwanza. Kikisema usuluhishi, anaweza kuiomba mahakama isimamishe shauri lako hadi msuluhishi asikilize. Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, linashughulikia usuluhishi wa migogoro ya aina hii. Na Sheria ya Mikataba inakutaka uzuie hasara isiongezeke, kwa hiyo ripoti ikishatoka na siku zikishapita usiliache bafu livuje mwaka mzima ukisubiri hukumu.

Nondo_Mm16

Hiyo ya kubadilisha nondo iangalie vizuri. Kama makadirio yalisema mm 16 na yeye akaweka mm 12, eneo la chuma limeshuka kutoka mm za mraba 201 hadi 113 kwa kila nondo, karibu nusu. Mhandisi apime nondo zenyewe kwa kaliper (kifaa cha kupimia unene) akishabandua zege la kufunika sehemu moja ndogo, karibu na mwisho wa lenta na siyo katikati, nguzo zikiwa zimesimama. Picha ya kaliper ikiwa kwenye nondo, namba zinasomeka, iwekwe ukurasa wa kwanza wa viambatisho.

Bomba_Nyegezi

Na siku ya kuvunja bafu ikifika, chukua vipande vitatu vya tailizi vikiwa na gundi yake mgongoni, na kipande cha sakafu ya chini kama sm 20 kwa 20. Viweke kwenye mifuko, andika vimetoka wapi, mwenyekiti wa mtaa na mhandisi wasaini juu. Mafundi huvitupa na kifusi asubuhi ya kwanza, kwa hiyo uwepo mwenyewe pale wanapoanza.